Kipimo cha Mkono wa Kushoto

Koti la gwaride halipigwi pasi kama shati la kwendea sokoni. Fundi Rula alilijua hilo tangu ujana wake. Ndiyo maana mchana ule, kesho yake ikiwa Siku ya Mashujaa, alikuwa amewaaga wateja wote kistaarabu na kurudisha mlango nusu. Alilaza kitambaa kibichi juu ya bega la koti, akaikandamiza pasi, akainyanyua, akaikandamiza tena pembeni kidogo, bila kuiburuza. Ukiiburuza pasi juu ya sufu, sufu hung'aa kama kipara, na askari aking'aa mabega juani hata mgeni rasmi atajua kwamba fundi wake ni mtu wa pupa.

Jina la Rula alilipata jeshini. Mishono yake ilinyooka mno, wenzake wakasema huyu chaki ya nini. Alikuwa fundi wa kikosi, na vita vilipokuja alifuatana na kikosi hadi mpakani, cherehani yake ikiwa imefungwa kamba nyuma ya lori. Hakufyatua risasi hata moja. Wako waliomtania kwa hilo, lakini yeye hakuona haya. "Na wewe ulipigana ukiwa umevaa nini?" aliwauliza, na kwa kawaida mazungumzo yaliishia hapo.

Koti lililokuwa mezani lilikuwa la binti yake. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyerithi jeshi. Kaka zake walikwenda kwenye ualimu na biashara ya mabati. Yeye, kitinda mimba, alikwenda kambini akarudi na cheo, na mtaa mzima ukalisahau jina lake ukamwita Sajenti, mama yake mzazi akiwemo. Mwaka uliopita alipelekwa nchi ya mbali kulinda amani. Lori lao likakanyaga bomu lililotegwa barabarani. Dereva na kijana aliyeketi kando yake walikufa palepale. Sajenti alitolewa akiwa hai, na madaktari wakamkata mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko.

Sasa alikuwa amechaguliwa kuweka shada la maua kwenye mnara kwa niaba ya askari wote walio hai. Koti lake la zamani lilimpwaya kwa jinsi hospitali ilivyomkondesha. Mkuu wa kikosi, ambaye alikuwa bado anamkumbuka Fundi Rula, akasema koti jipya litashonwa na baba mtu. Kitambaa kililetwa na gari la jeshi hadi mlangoni, na majirani wakatoka nje kutazama kana kwamba imekuja posa.

"Hodi humu, fundi wa wazima na marehemu."

"Karibu, robo tatu ya askari," Fundi alijibu bila kugeuka. Sauti ile aliijua.

Aliyeingia alikuwa Koplo Glavu, rafiki yake tangu enzi za vita, amebeba koti lake la zamani lililojaa medali ili lipigwe pasi. Mkono wake wa kulia ulibaki mpakani. Tangu siku hiyo alipiga saluti kwa kushoto, na hajatokea afisa aliyethubutu kumsahihisha. Mahali pa mkono uliokwenda palining'inia mkono wa pamba wenye glavu nyeupe mwishoni, kazi ya Fundi Rula. Koplo alikuwa na mchezo wake mmoja ambao haukumchosha: alimwacha mgeni aushike ule mkono kwa heshima zote, autikise, kisha asubiri kuuona uso wa mgeni ukibadilika.

"Hili ndilo lake?" Koplo aliuliza, akiinamia meza.

"Ndilo. Usiliguse, umetoka kula."

"Naona na yeye umemtia pamba."

"Nimemtia pamba safi. Ile yako ilikuwa ya godoro."

"Nilijua. Usiku hunong'ona habari za kitandani."

Walicheka wote wawili. Mkono wa pamba ulikuwa na asili yake, na asili hiyo Fundi aliisimulia kwa fahari kila mwaka siku kama hizi. Kule mpakani miili ililetwa kwanza kwenye hema lake kabla ya kutiwa kwenye jeneza. Kikosi kilikuwa na desturi kwamba hakuna askari anayerudi kwao akiwa na kifungo kilichokatika au mfuko uliofumuka. Aliyepoteza mkono, Fundi alimjazia mkono wa koti kwa pamba, akashonea glavu nyeupe mwishoni, ili mama mtu atakapofunguliwa jeneza aone mwanawe kamili. Koplo alikuwa amelazwa hema la pili. Akayaona hayo, akapiga kelele: kama marehemu wanapewa mikono, yeye anayekula chakula cha serikali ananyimwa kwa nini? Akashonewa. Baada yake wakaja wengine, na kazi ile ikawa ndiyo sifa ya Fundi Rula katika mabaraza ya wastaafu wote.

Sajenti aliingia kwa mlango wa uani, jasho usoni, magoti ya suruali yake ya mazoezi yamejaa vumbi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, afande. Ulikuwa unalima?"

"Ndiyo, nimelima uwanja wote wa mama." Akamgeukia baba yake. "Liko tayari?"

Fundi alilishika koti kwa nyuma, akamsaidia kuvaa. Lilikaa. Kola ilishika shingo bila kuibana, mabega yalilala, kiuno kikafuata mwili kama maji yanavyofuata mtungi. Koplo alipiga mluzi.

"Fundi, koti hili hata likienda lenyewe uwanjani litapigiwa saluti."

Sajenti alisogea mbele ya kioo kirefu. Alijitazama kifuani, akatazama vifungo vya shaba, kisha macho yakashuka upande wa kushoto, kwenye glavu nyeupe iliyoning'inia usawa wa paja. Akaishika kwa mkono wa kulia, akaiinua hadi kifuani, akaiachia. Ilishuka, ikapiga paja bila sauti.

"Baba, hiki nini?"

"Mkono."

"Wa nani?"

"Wako, mama. Mtu akisimama hatua chache tu kutoka kwako haoni tofauti."

"Kwa nini asione?"

Fundi alidhani hajasikia vizuri. Akaanza kumweleza habari za pamba, jinsi alivyoipanga kwa tabaka ili kifundo cha mkono kikunjike chenyewe. Sajenti alimsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mkubwa wa kazi anayekosea.

"Kesho atakuwepo mama yake dereva," alisema. "Na mama wa yule kijana mwingine. Wamefika leo, wamelala kambini. Wanataka kuniona mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ndani ya lori lile na watoto wao. Niwatokee na glavu mbili nyeupe, kama natoka harusini?"

"Watu wanakuja kuliona jeshi lao. Jeshi halitoki mbele za watu likiwa limepungua."

"Limepungua, baba. Ndiyo maana kuna sikukuu."

Nje, mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti cha kesho, moja mbili, moja mbili.

"Mkono kama huu wewe uliwashonea marehemu," Sajenti aliendelea. "Umenisimulia mwenyewe tangu nikiwa mdogo. Mimi sijafa."

Koplo alikohoa. "Na mimi je, niliye nao hapa?"

"Wewe uliuomba, baba mkubwa."

"Ni kweli," Koplo alisema. "Tena kwa kelele."

Sajenti alifungua vifungo kwa mkono mmoja, upesi kuliko watu wengi wanavyofungua kwa miwili, akalilaza koti juu ya meza na kulinyoosha kola. "Afisa wa zamu atapiga simu kabla ya magharibi kuuliza kama niko tayari. Kwa koti hili siendi. Nitamwambia achague mwingine."

"Basi usiende," Fundi alisema.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Binti yake alimtazama kidogo, akajibu, "Sawa, baba," akarudi uani alikotokea. Koplo naye akalitundika koti lake kwenye msumari.

"Langu nitalipitia baadaye," alisema, "ukisharudi kuwa binadamu."

Fundi alibaki na pasi inayopoa. Hasira yake ilikuwa ya mtu aliyempikia mgeni chakula kizuri kikasukumwa kando. Kazi ile ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kushona. Alikagua mshono wa ndani, akakagua wa nje, akitafuta kosa ili walau alijue, na hakuliona.

Mke wake aliingia, nguo ikiwa imelowa maji ya kufulia. Alilitazama koti, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, ulimpima lini huyu mtoto?"

"Jumapili, hapa hapa. Ulikuwepo."

"Ulimpima mkono gani?"

"Mkono ni mkono. Fundi hupima mmoja..."

Akaishika futi ya kitambaa iliyoning'inia shingoni. Fundi hupima mkono mmoja, akakunja kitambaa, akakata miwili. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine, kwa sababu mikono ya mtu hulingana. Siku ya Jumapili alimpima Sajenti mkono wa kulia, kutoka begani hadi kwenye kifundo, akakunja kitambaa. Mkono wa kushoto hakuupima. Na alipozidi kufikiri aliona kwamba tangu mtoto arudi kutoka hospitali alikuwa amembebea mizigo, amemwekea mto, amemmenyea machungwa, lakini upande ule hakuwahi kuugusa. Hata mezani alikuwa amehamisha kiti chake, akakaa kulia.

"Njoo uani," mke wake alisema.

Uani, Sajenti alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Miguuni pake palikuwa na gurudumu la baiskeli lililozungushiwa majani mabichi na kufungwa waya.

"Mwonyeshe baba yako," mama aliamuru.

"Mama, hakuna haja tena."

"Nimesema mwonyeshe."

Sajenti aliinuka. Alilichukua gurudumu kwa mkono wa kulia, akalipakata kwenye kigutu cha kushoto, pale mkono ulipoishia, kiwiko kikiwa kimekunjwa kama rafu ya mbao. Mkono wa kulia uliliongoza tu. Wa kushoto ndio uliobeba. Akatembea mwendo wa pole, goti likinyooka kila hatua, hadi mbele ya jiwe la kufulia. Akapiga goti moja, mgongo umenyooka. Gurudumu likateleza kutoka kwenye kigutu, likasimama wima dhidi ya jiwe, halikutikisika. Akainuka, akarudi nyuma, akapiga saluti.

Siku zote hizo Fundi Rula alikuwa ameufikiria mkono ule kama mahali palipokosa kitu. Sasa aliuona ukiwa kazini. Na kwa kuwa alikuwa fundi kabla ya kuwa baba, jambo la kwanza aliloliona wazi lilikuwa la kiufundi: shada lisingekaa juu ya pamba. Lingeteleza, au glavu ingenasa kwenye waya, na shada la taifa zima lingeanguka mbele ya mnara kwa sababu ya kazi yake nzuri. Jambo la pili lilikuja baadaye kidogo, nalo lilikuwa la baba: upande ule hakuwa ameutazama.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Safari hii Fundi alimfuata kando, ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Waya unakuchoma hapo?"

"Kidogo."

"Kidogo cha kiaskari au kidogo cha kweli?"

"Unachoma, baba."

Fundi alivua futi ya kitambaa shingoni, akazunguka, akasimama upande wa kushoto. "Nyoosha."

Vidole vyake vilisita hewani, kisha vikashika. Ngozi ilikuwa ya moto kwa mazoezi, laini mwishoni, na kovu lake lilikuwa limeshonwa vizuri. Alilipitishia kidole gumba kama anavyopitisha kwenye mshono wa mwenzake, akalikubali. Akapima kutoka begani hadi kiwikoni, kutoka kiwikoni hadi mwisho, kisha akauzungushia mkono futi na kupima unene wake.

"Nikigusa unauma?"

"Hauumi. Ila jioni unawasha. Vidole ambavyo havipo ndivyo vinavyowasha. Gumba hasa."

"Koplo naye vinamwasha. Unafikiri ule ukorofi ameutoa wapi?"

Sajenti alicheka, kicheko kifupi cha puani, na mama yake akajishughulisha ghafla na kamba ya nguo. Kutoka ndani simu ikaanza kuita. Sajenti alimtazama baba yake.

"Pokea," Fundi alisema, pini zikiwa tayari mdomoni. "Mwambie unaenda. Koti liko kwa fundi."

Aliirudia kazi ile mwanga wa jua ukiwa bado mlangoni. Alifumua glavu, akaitoa pamba yote ikajaa kikapu. Kisha akashika mkasi. Kukata koti lililokwisha ni jambo ambalo fundi hulifanya meno yakiwa yameumana, lakini mkono wake ulipita moja kwa moja. Mkewe alimpa wazo la kuukunja mkono wa koti na kuubana kwa pini, kama alivyowaona wengine. Fundi alikataa. Pini, alisema, ni ya mtu aliyeishiwa uzi. Yeye alitaka mkono uliokamilika: mfupi kwa sababu mwenyewe ni mfupi, lakini umekamilika. Akahamisha pindo la mwisho, akalipandisha juu pamoja na kifungo chake cha shaba, akaufunga mwisho kwa mshono wa mviringo uliofuata umbo la kigutu. Ndani, kati ya kitambaa na bitana, akatia kipande cha ngozi laini, mahali hasa ambapo waya ungekaa.

Koplo Glavu alipopitia koti lake alilikuta limepigwa pasi, na lile lingine limetundikwa kando yake. Aliuangalia mkono mfupi kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Umekuwa binadamu," alisema hatimaye.

"Kaa tunywe chai."

Asubuhi uwanja wa mnara ulijaa mapema. Wastaafu walipewa viti safu ya pili, kivulini, na Fundi akakaa karibu na Koplo. Bendi ilikuwa ikipasha vyombo moto, na kipaza sauti kilikoroma kila mara mtu alipokisogelea.

"Usinitazame hivyo," Koplo alisema.

"Sijasema kitu."

"Macho yako yanasema. Huu wangu sivui, Fundi. Nimezeeka nao, tumeshapatana."

"Na usiuvue. Nitakutilia pamba mpya."

Alisema kweli. Usiku alikuwa ameligeuza jambo lile upande huu na upande ule, na hakuona sababu ya kujutia glavu hata moja aliyoshona kule mpakani. Mama wale wa zamani walifunguliwa jeneza mara moja tu, kwa muda mfupi, na nguvu zao ziliishia kwenye kuutambua uso. Kuwatunzia kilichobaki ilikuwa heshima. Lakini aliye hai anaamka na mwili wake kila asubuhi, anauogesha, anaupeleka kazini, anaufundisha kubeba. Yeye anadai heshima ya namna nyingine, na fundi mwenye akili hupima upya.

Jina la mwisho kwenye mnara lilisomwa, halafu majina ya mwaka huu, ambayo yalikuwa hayajachongwa. Watu walisimama. Sajenti akatokea upande wa kushoto wa uwanja.

Minong'ono ilipita katika safu, kisha ikakatika. Shada lilikuwa kubwa kuliko gurudumu la baiskeli, jekundu na jeupe, na lilikaa juu ya ule mkono mfupi kama juu ya mkono wa kiti. Halikutikisika. Fundi hakuutazama uso wa binti yake. Alitazama mshono wa begani, uliposhika uzito wote, na midomo yake ilikuwa ikihesabu hatua pamoja naye. Akapiga goti. Shada likateleza, likasimama dhidi ya jiwe. Akainuka, akarudi nyuma, akapiga saluti.

Kule mbele mwanamke mmoja aliinuka kabla ya wakati. Alikuwa mama yake dereva. Kijana wa itifaki alimwendea amrudishe kitini, akamwona usoni, akampisha. Mwanamke alivuka zile hatua chache za wazi hadi kwa Sajenti, akaushika mwisho wa mkono wa koti kwa viganja vyote viwili. Akauliza jambo. Sajenti, ambaye kanuni zilimtaka asimame kimya, alimjibu. Jibu lilikuwa refu. Mwanamke alitikisa kichwa, akauliza tena, akajibiwa tena, na katikati ya machozi yake kikamtoka kicheko kidogo, kama cha mtu aliyetajiwa tabia ya mwanawe anayoijua.

Fundi hakusikia hata neno. Koplo alimvuta kwa ule mkono wa kushoto alio nao.

"Mgeni rasmi kakunja uso."

"Atakunjua."

Bendi ilipoanza na watu wakaruhusiwa kutawanyika, Sajenti alitoka uwanjani pamoja na mama wale wawili, mmoja kila upande. Yule wa dereva hakuwa ameachia. Alikuwa mwanamke mzito, magoti yake hayakuwa mazuri, na katika ngazi za kushuka barabarani aliuegemea mkono ule kwa mwili wake wote.

Koplo alikuwa ameshatanguliza mguu kwenda kuwapokea. Fundi alimrudisha.

"Tuwaache watangulie."

"Anauning'inia, Fundi. Atauchana mkono wa koti."

"Hauchaniki," Fundi Rula alisema, akavaa kofia yake, na wakaanza kushuka nyuma yao, polepole.